Kioo cha kushonesha: tathmini ya huduma ya kutengeneza maikrooptiki kwa leza ya diodi

Kibamba chenyewe, kipande cha kioo kilichochongwa ili kunyoosha nuru ya leza yetu, kina urefu wa milimita 12, kimo cha milimita 3 na unene wa milimita 1, na kikiwekwa juu ya karatasi nyeupe hakuna kinachoonekana ila kingo zake nne. Mtu asiyekijua angeweza kukipangusa mezani pamoja na vumbi. Kwa kitu hicho karakana yetu ililipa fedha zinazokaribia bei ya leza mbili za aina ile ile kinayoihudumia, na tulikilipia mara moja na nusu, kwa sababu nitakayoieleza. Hata hivyo, leo ni miezi saba tangu kifungwe mahali pake, na ningeulizwa kama fedha hizo zilipotea ningejibu kwamba hazikupotea. Ningeulizwa kama huduma yenyewe ilitolewa ipasavyo, ningesita kidogo kabla ya kujibu.

Ninafanya kazi katika karakana ndogo ya leza mjini Jena, Ujerumani, mji ambao Carl Zeiss alifungua karakana yake mwaka 1846, na ambao baadaye mwanafizikia Ernst Abbe aliwazoesha mafundi kukokotoa lenzi kwenye karatasi kwanza ndipo waguse kioo. Kabla ya hapo lenzi za hadubini zilipatikana kwa kujaribu na kurudia, mpaka ipatikane inayofaa. Huduma ninayoitathmini ni mjukuu wa wazo hilo la Abbe: mteja hukokotoa umbo la uso wa kioo hadi sehemu ndogo ya mikromita (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hutuma namba zake katika faili, na kampuni humtengenezea kioo kimoja chenye umbo hilo na si jingine. Kampuni sitaitaja jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayosema ni malalamiko, na malalamiko ya mteja mmoja si hukumu.

Lenzi za kununua dukani ni kama nguo za mtumba: ukibahatika utapata inayokukaa, na kwa kazi nyingi inatosha. Kibamba cha aina hii ni nguo ya kushonesha. Hakimfai mtu mwingine, hata aliye pacha wako, kwa sababu kimefuata kasoro zako wewe. Leza mbili zilizotoka kiwandani siku moja, katika boksi moja, kwa namba zinazofuatana, hazina kasoro zilezile, na ndiyo maana kibamba kilichotengenezwa kwa ajili ya moja kikifungwa kwenye nyingine huweza kuiharibu zaidi badala ya kuitengeneza.

Leza yetu ni ufito wa diodi unaotoa nuru yenye urefu wa wimbi wa nanomita 808, wenye upana wa milimita 10 na nguvu ya wati 60, ambao kazi yake ni kukilisha nishati kioo-fuwele cha YAG (oksidi ya itriamu na alumini) chenye neodimi. Ufito huo una vinywa 19 vinavyotoa nuru, kila kimoja na upana wa mikromita 150, vikiwa vimepangwa kwa umbali wa mikromita 500 kati ya kitovu na kitovu. Kimo cha kila kinywa ni kama mikromita moja tu, na nuru inayotoka kwenye upenyo mwembamba kiasi hicho hulipuka kwenda juu na chini kwa pembe inayozidi nyuzi 30, ilhali kwenda pembeni hupanuka kwa nyuzi 8 hivi. Mbele ya vinywa hubandikwa lenzi moja ndefu yenye umbo la mcheduara, ambayo kwetu ina umbali wa fokasi wa milimita 0.9, nayo huinyoosha ile nuru ya wima mpaka iwe utepe wenye kimo cha milimita 0.6.

Mambo yangekuwa mepesi kama vinywa vyote 19 vingekaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Havikai. Ufito hulehemiwa juu ya kitako cha shaba, na shaba hutanuka kwa joto karibu mara tatu ya galiamu arsenidi, mata ambayo ufito umetengenezwa kwayo. Lehemu inapopoa na kuganda, shaba hunywea zaidi, huvuta, na ufito hupinda. Upindaji huo mafundi huuita tabasamu, kwa kuwa ukiukuza mchoro wake unafanana na midomo ya mtu anayecheka. Tabasamu la ufito wetu lilikuwa na kina cha mikromita 2.8. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya mikromita, kwa hiyo mtu anaweza kudhani kwamba hilo ni jambo la kupuuzwa; lakini kinywa kilichoshuka mikromita moja mbele ya lenzi ya milimita 0.9 huelekeza mwale wake juu kwa miliradiani 1.1, yaani milimita 1.1 kwa kila mita ya safari. Mikromita 2.8 zinakuwa miliradiani 3.1, na mwale mmoja safi wa kimo chetu haupanuki kwa zaidi ya miliradiani 1.7. Kwa maneno mengine, vinywa vya pembeni na vya katikati vilikuwa vinatazama mahali tofauti kabisa.

Ubora wa mwale hupimwa kwa namba iitwayo M², ambayo kwa mwale mkamilifu ni 1 na haiwezi kushuka chini ya hapo. Kila kinywa chetu peke yake kilikuwa na 1.2 katika mwelekeo wa wima, namba ambayo mtu hawezi kuilalamikia. Ufito mzima ulikuwa na 2.5. Tulipouelekeza kwenye lenzi ya milimita 50 ili tupate mstari mwembamba wa kulisha kioo-fuwele, mstari ulitoka na kimo cha mikromita 210, wakati hesabu za mradi zilitaka usizidi 130.

Njia nyingine tulizifikiria kabla ya kuandika oda, na nitazitaja kwa haraka. Kununua fito nyingi na kuchagua yenye tabasamu dogo kunawezekana kwa mwenye kiwanda, si kwa karakana yenye leza mbili. Vioo vinavyochongwa kwa fotolithografia, yaani kwa kuchapa umbo kwa nuru kupitia kiolezo, vina bei nafuu vikiwa elfu moja, lakini kimoja tu hubeba gharama yote ya matayarisho. Polima zinazochapwa kwa leza hutoa maumbo ya ajabu, ila sikuwa tayari kuweka plastiki mbele ya wati 60 zilizobanwa kwenye utepe wa sehemu ya milimita. Kilichobaki ni silika iliyoyeyushwa, inayochongwa kwa leza nyingine.

Na hapa kampuni inastahili sifa bila kigugumizi, kwa maana ufundi wake ni wa kupendeza. Leza ya kaboni dioksidi hutoa nuru yenye urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, ambayo kwetu sisi wenye macho haipo na ambayo silika, licha ya kuwa angavu kama maji, huifyonza yote katika ngozi yake ya juu. Mapigo mafupi ya nuru hiyo huvukiza kioo kidogo kidogo, nukta baada ya nukta, kwa kina kinachofuata namba za faili la mteja. Kisha leza ile ile hupitishwa tena kwa nguvu ya chini, ngozi ya kioo inayeyuka kwa muda mfupi sana, na mvutano wa majimaji unailainisha mpaka makovu yote yanafutika. Hakuna jiwe la kusagia wala unga wa kung'arishia. Kioo cha kawaida cha dirishani kikifanyiwa hivyo kingepasuka, kwa sababu kinatanuka mno kikipata moto. Silika haitanuki karibu hata kidogo, ndiyo maana inavumilia. Uso tuliopokea niliutazama kwenye interferomita yetu, kifaa kinachopima umbo la uso kwa mawimbi ya nuru, na sikuona mstari hata mmoja wa njia iliyopitiwa na leza.

Lakini fundi cherehani hawezi kushona vizuri kuliko vipimo alivyopewa, na katika huduma hii vipimo ni kazi ya mteja. Jambo hili tangazo la kampuni halilisemi kwa sauti ya kutosha. Ilituchukua siku nyingi zaidi kuupima ufito kuliko siku walizotumia wao kukichonga kioo. Kila kinywa kilibidi kipimwe peke yake, upande kinaoelekea na namna wimbi lake lilivyopinda, leza ikiwa inafanya kazi kwa mkondo ule ule itakaotumia maishani, na baada ya kuachwa nusu saa itulie kijoto, kwa sababu vipimo vya asubuhi leza ikiwa baridi havikulingana na vya mchana. Mara mbili tuligundua kwamba bano la kushikilia kitako lilikuwa limekazwa tofauti na jana, na tabasamu lilikuwa limebadilika kwa sehemu ya mikromita, tukaanza upya. Kwa atakayefuata njia hii, bano lenye kipimo cha kukazia ni bora kulipata kabla ya kamera ghali.

Katika kupima M² yenyewe tulifuata kiwango cha ISO 11146, kinachodai vipimo visivyopungua kumi vya upana wa mwale, nusu yake karibu na kiuno chake, yaani pale unapokuwa mwembamba kabisa, na nusu mbali nacho. Tatizo la njia hiyo ni kwamba huuchukulia mwanga hafifu ulio mbali na kitovu kwa uzito mkubwa mno, hata kama mwanga huo ni kelele tu ya kamera, na mtu asiyeondoa giza la nyuma kwa uangalifu atapata namba mbaya kuliko ukweli. Namba zetu za kwanza zilisema 3.4. Tulipofunika kamera, tukapiga picha ya giza, tukaitoa, zikashuka hadi 2.5. Laiti tungetuma oda kwa zile za kwanza, tungeishia kuisifu kampuni kwa kazi ambayo sehemu yake ilifanywa na kipande cha karatasi nyeusi.

Hesabu ya kugeuza vipimo kuwa umbo la kioo ni nyepesi ukishazipata namba. Nuru ndani ya silika husafiri kwa mwendo uliopungua kwa mara 1.45, kwa hiyo ili kurekebisha mikromita moja ya njia ya nuru panahitajika mikromita 2.2 za kioo. Kwa kinywa kilichokosea zaidi tulihitaji mteremko ambao tofauti yake ya kimo, kutoka chini hadi juu ya utepe, haikufika mikromita 5. Juu ya miteremko hiyo 19 tuliongeza mipindo midogo ya kusahihisha kasoro za lenzi. Faili likatumwa, malipo yakafanywa, na katika siku ya kumi na tatu kikasha kikaja.

Tulikibandika kibamba kwa muda kwenye kishikizo, tukavaa miwani, maana nuru ya 808 macho karibu hayaioni lakini yenyewe inayaona vizuri sana, tukawasha. Mstari uliotakiwa kukonda ukanenepa. Tulidhani kishikizo kimekaa vibaya, tukakisogeza juu, chini, mbele, nyuma. Ukazidi kuwa vile vile. Kamera ilisema mikromita 380. Mwenzangu mmoja alikaa kimya kwa dakika kadhaa akiangalia jedwali la namba, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza mwenzake, si sisi wala wao: namba chanya katika faili ina maana kioo kimeinuka, au kimechimbwa?

Kwetu ilikuwa na maana ya kuinuka. Kwao, kwa kuwa mashine yao huchimba tu na haiwezi kujaza, ilikuwa na maana ya kina. Kila kilima chetu kilikuwa shimo, na kila shimo kilima. Fomu yao ya oda ilikuwa na kisanduku cha kujaza kizio cha vipimo, kisanduku cha unene, kisanduku cha anwani ya mlipaji kodi, lakini hapakuwa na kisanduku cha jambo hili. Baba yangu mdogo alikuwa fundi cherehani Tanga, na nakumbuka mteja hakuruhusiwa kuondoka dukani kabla hajasema kama anataka kanzu ibane au ipwaye, hata kama anaonekana ana haraka. Nilipowapigia simu wale wahandisi walikuwa waungwana, walikiri kwamba si mara ya kwanza kwao kukutana na mkanganyiko huo, na wakakubali kutengeneza kingine kwa nusu ya bei. Kukiri huko ndiko kulikoniudhi zaidi. Tatizo linalojulikana halifai kumngoja mteja wa tatu.

Kabla ya hicho cha pili kufika, tuligundua kwamba cha kwanza hakikuwa cha kutupwa. Kasoro yetu kubwa ilikuwa mteremko, na mteremko ukigeuzwa juu chini unakuwa mteremko wa upande wa pili. Tulikizungusha kibamba nyuzi 180 bila kukigeuza uso, ili ukingo wa juu uwe chini na kinywa cha kwanza kikutane na mahali palipochongwa kwa ajili ya kinywa cha 19. Kwa kuwa tabasamu letu lilikuwa karibu sawa pande zote mbili, miteremko iliangukia mahali pake na ishara, ile ya chanya na hasi, ikajirekebisha. Ile mipindo midogo ya lenzi haikujirekebisha, kwa kuwa bonde likizungushwa hubaki bonde, na kulikuwa na vinywa vitatu vya upande mmoja visivyo na wenza wa upande wa pili. Hata hivyo M² ilishuka hadi 1.8, na kazi ikaendelea kwa wiki tano.

Kibamba cha pili kilipofungwa, M² ya wima ilikuwa 1.3 na mstari ukawa mikromita 110. Nimeipima mara tatu tangu hapo, na haijahama. Ripoti iliyokuja na kioo ilionyesha kwamba uso unatofautiana na faili letu kwa wastani wa nanomita 60, ambazo kwa upande wa njia ya nuru ni nanomita 27, yaani sehemu moja ya thelathini ya urefu wa wimbi letu. Hasara inayotokana na hilo ni asilimia nne au tano ya kilele cha mwanga, na ningekuwa mchoyo wa shukrani kama ningeihesabu kuwa dosari. Kile 0.1 kilichobaki juu ya 1.2 nadhani ni chetu sisi, na bano letu.

Yaliyobaki ya kulalamikia ni madogo, lakini yanarudiwarudiwa. Kioo hakina alama yoyote ya kuonyesha juu ni wapi na uso uliochongwa ni upi, na kwa kuwa miteremko yake haifiki mikromita 5, jicho haliwezi kusaidia. Tulilazimika kukirudisha kwenye interferomita kila kilipoondolewa. Utando wa kuzuia mwakisiko haumo katika bei wala katika muda unaotangazwa: hutumwa kwa kampuni ya tatu, na kwa kibamba cha pili uliongeza wiki mbili. Kuukosa si chaguo, kwa kuwa kila uso mtupu wa silika hurudisha asilimia 3.4 ya nuru, na kwa nyuso mbili hizo ni wati 4 kati ya 60, ambazo baadhi yake hurudi mdomoni mwa leza yenyewe. Pia hakuna mtu aliyetuonya kuhusu umbali. Miale ya vinywa vinavyopakana hupanuka pembeni kwa mikromita 140 kwa kila milimita, na ikishasafiri milimita 2.5 inagusana; kibamba kikikaa mbali kuliko hapo, nuru ya kinywa kimoja inapita kwenye mteremko wa jirani yake na kazi yote inaharibika. Sisi tulilijua hilo. Mwanafunzi anayeagiza kwa mara ya kwanza atalijua baada ya kulipa.

Kwa hiyo ningemshauri aagize yule ambaye leza yake imeshafungwa mahali pa kudumu, mwenye kamera anayoiamini na subira ya kupima mara mbili, na ambaye kasoro zake hazibadiliki kati ya asubuhi na jioni. Mwenye leza inayofunguliwa na kufungwa kila wiki atajenga juu ya mchanga. Na anayetaka kurekebisha mwelekeo wa pembeni, ule wa vinywa vipana, asitegemee kibamba kama hiki, kwa sababu huko nuru imechafuka ndani ya diodi yenyewe na hakuna mteremko wa kioo unaoweza kuipanga upya.

Ufito wetu wa pili tumekwisha kuupima, na tabasamu lake limepinda upande wa kinyume na la kwanza. Oda imetumwa Jumatatu, kwa kampuni ile ile. Katika faili la safari hii nimeongeza kitu kisicho na kazi ya optiki: kilima kimoja cha mikromita 2, kwenye kona ya juu kushoto, mahali ambapo nuru haipiti. Kikija nitaitazama kona hiyo kwanza. Ikiwa imeinuka nitajua juu ni wapi na ishara ni ipi, na ikiwa imechimbwa, simu iko karibu.